Babu Alizaliwa Nchi Gani?

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayeyasoma haya kwa sababu siku ya kipindi umeme ulikatika mtaani kwenu, leo nataka tuzungumze juu ya swali moja nililoulizwa kwa simu. Nilidhani ni swali la dakika tano. Limenichukua wiki mbili.

Aliyepiga ni mama mmoja mfanyabiashara wa nafaka pale Kariakoo, hapa Dar es Salaam, mwenyeji wa Ngara. Baada ya shikamoo na marahaba akaingia moja kwa moja kwenye shida yake. "Mwanangu," akasema, "wewe kila wiki unatuhadithia mambo ya zamani, sasa nisaidie la leo. Kijana wangu ameambiwa katika ofisi moja ajaze nchi aliyozaliwa babu yake. Babu yake kazaliwa Bugufi, mwaka ule vita ya Mjerumani ilipokwisha. Aandike nchi gani?"

Nikacheka, nikamjibu haraka kama tunavyojibu sisi watu wa redio: "Mama, si aandike Tanganyika tu?" Mama akanyamaza kidogo. Kisha akasema kwamba kijana alikwisha kuandika hivyo, na karani akamrudishia fomu, akamwambia mwaka 1918 hapakuwa na nchi inayoitwa Tanganyika, na tena kwa jina lake na lafudhi yake, aeleze vizuri kama ukoo wao si wa Burundi.

Karani yule, msikilizaji, kwa upande mmoja alisema kweli. Mwaka 1918 hapakuwa na nchi inayoitwa Tanganyika. Palikuwa na ziwa la jina hilo. Nchi ilikuwa koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, lililoanzia pwani ya Bahari ya Hindi hadi maziwa makuu, na ndani yake zilikuwamo Rwanda na Burundi. Koloni hilo lilikuwa limeshindwa vita, na wenye kuligawa walikuwa bado hawajakaa mezani. Kijana wa watu angeandika nini? Ujerumani?

Hebu tuanzie hapo hapo anapouzia mama mchele wake. Kariakoo si neno la Kizaramo wala la Kiarabu. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam Septemba 1916, mahali pale paligeuzwa kambi ya wapagazi wa jeshi lao. Kikosi cha wapagazi kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na midomo ya watu wa mji ikalainisha neno hilo likawa Kariakoo. Nairobi nao wana Kariokor yao, kwa sababu hiyo hiyo. Wapagazi hao walibeba unga, risasi na majeruhi kutoka bandarini hadi Ruvuma na ng'ambo yake, na makumi ya maelfu wakafa, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao, ambao wengi hawakuandikwa popote. Vita ya Ulaya ilikwisha tarehe 11 Novemba 1918. Huku kwetu Jenerali Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha tarehe 25 Novemba, mjini Abercorn, ambao leo ni Mbala nchini Zambia. Watu wakarudi makwao, waliobahatika kurudi, wakangoja kuambiwa sasa mwenye nchi ni nani.

Walioamua walikuwa Paris. Mkutano wa amani ulifunguliwa tarehe 18 Januari 1919, na kazi iliyokuwa mbele yake haikuwahi kuonekana. Dola nne zilikuwa zimeanguka kwa mpigo: ya Warusi, ya Wajerumani, ya Austria na Hungaria, na ya Waturuki. Nchi kama Poland, iliyokuwa imefutwa katika ramani kwa zaidi ya miaka mia moja, ikarudi. Chekoslovakia ikazaliwa. Hungaria, kwa mkataba uliotiwa saini Trianon tarehe 4 Juni 1920, ilipoteza kama theluthi mbili ya eneo ililokuwa nalo, na hadi leo Mhungaria ukimtajia Trianon hatakuchekea.

Rais Wilson wa Marekani alikuwa amekuja na neno lililowasisimua wanyonge wengi: kwamba watu wasihamishwe kutoka mtawala huyu hadi yule kama mifugo. Nataka niwe mwadilifu hapa. Neno hilo halikuwa porojo tupu. Katika baadhi ya sehemu za Ulaya watu waliulizwa kweli. Kule Schleswig, kati ya Denmark na Ujerumani, watu walipiga kura mwaka 1920. Upande wa kaskazini robo tatu wakachagua Denmark, upande wa kusini wakachagua kubaki Ujerumani, na mpaka ukapita hapo ambapo upo hata leo. Kule Carinthia, Oktoba mwaka huo huo, wengi walichagua Austria, wakiwamo watu waliozungumza Kislovenia nyumbani kwao. Mji wa Sopron ulipiga kura Desemba 1921 ukabaki Hungaria. Si wote waliopewa nafasi hiyo. Wajerumani wa Tirol ya Kusini walikabidhiwa kwa Italia bila kuulizwa, na Wahungaria kwa mamilioni walijikuta raia wa nchi nyingine. Lakini palikuwapo angalau masanduku machache ya kura.

Kwetu halikuletwa sanduku hata moja. Tena haikuwa kwamba wazo hilo halikuwapo. Waziri Mkuu wa Uingereza, Lloyd George, alipowahutubia viongozi wa vyama vya wafanyakazi Januari 1918, alisema kwamba hata kwa makoloni ya Wajerumani matakwa ya wenyeji yazingatiwe. Basi serikali yake ikachapisha mwaka huo kitabu cha barua na taarifa kuhusu matakwa ya wenyeji wa makoloni ya Ujerumani. Wenyeji, karibu kila walipoulizwa, walionekana wanampenda Mwingereza. Lakini muulizaji alikuwa ni afisa Mwingereza, na jeshi lake limepiga kambi nje ya dirisha. Mimi ni mwandishi wa habari, nimefundishwa kuuliza maswali. Ningeuliza kwa namna hiyo katika mtihani wa stashahada, mwalimu wangu angenifukuza darasani.

Februari 1919 Daktari Du Bois, yule Mmarekani Mweusi, aliitisha mjini Paris Kongamano la Waafrika wote, wajumbe 57, Blaise Diagne wa Senegal akiwa mwenyekiti. Walipendekeza makoloni ya Ujerumani yawekwe chini ya mamlaka ya kimataifa. Wakubwa hawakushughulika nao. Palikuwa na mawazo mengine pia, na mengine ya ajabu. Aga Khan, katika kitabu alichokitoa mwaka 1918, alipendekeza koloni hili litengwe kwa ajili ya makazi ya watu wa India, kwa kuwa askari wa India walikuwa wamelipigania. Kila mtu alikuwa na hoja yake juu ya shamba hili, isipokuwa waliokuwa wanalilima.

Tarehe 28 Juni 1919, katika Ukumbi wa Vioo wa jumba la Versailles, Wajerumani walitia saini. Walikuwa wawili, Hermann Müller na Johannes Bell. Huyu Bell alikuwa ndiye waziri wa makoloni wa serikali yake. Yaani waziri wa makoloni alishika kalamu na kutia saini hati ambayo kifungu chake cha 119 kilimwacha bila koloni hata moja. Kifungu hicho kinasema kwa ufupi kwamba Ujerumani inaachia haki zake zote juu ya nchi za ng'ambo, na inaziachia mataifa makubwa yaliyoshinda. Haiziachii kwa wenyewe.

Sasa tufike kwenye kisu chenyewe. Tarehe 7 Mei 1919, wiki saba kabla ya saini, wakubwa wa mkutano waliamua kwamba koloni la Afrika Mashariki lote apewe Mwingereza. Wabelgiji wakaruka. Majeshi yao, yaani Wakongo waliokuwa chini ya maafisa wa Kibelgiji, ndiyo yaliyoingia Kigali mwaka 1916, yakashuka mpaka Tabora na kuuteka mji huo tarehe 19 Septemba. Tabora waliukabidhi kwa Waingereza mwaka uliofuata, lakini Rwanda, Burundi na Kigoma walikuwa bado wamezikalia. Watu wanaokalia kitu hawaambiwi tu waondoke. Basi wakakutanishwa watu wawili: Lord Milner, waziri wa makoloni wa Uingereza, na Pierre Orts, mwanadiplomasia wa Ubelgiji. Kufikia tarehe 30 Mei walikuwa wamekubaliana. Mwingereza achukue eneo kubwa, pamoja na Kigoma na reli ya kati nzima. Mbelgiji achukue Rwanda na Burundi.

Kabla ya vita Wajerumani walikisia kwamba koloni lao lote lina watu kama milioni saba na nusu, na zaidi ya milioni tatu kati yao wako Rwanda na Burundi. Kwa hiyo walichokigawa watu wale wawili, kwa siku zisizozidi ishirini na nne tangu ule uamuzi wa Mei 7, ni eneo dogo sana kwenye ramani lakini lenye karibu nusu ya watu wa koloni zima. Mwami Musinga wa Rwanda hakuulizwa. Mwami Mwambutsa wa Burundi alikuwa mtoto wa miaka kama saba. Wasimamizi wake nao hawakuulizwa.

Na sasa ngoja nikueleze jambo ambalo nilipolisoma mara ya kwanza nilikiweka kitabu chini. Ubelgiji haikuzitaka Rwanda na Burundi kwa ajili ya Rwanda na Burundi. Ilizitaka kama kitu cha kubadilishia. Kongo ya Wabelgiji ilikuwa nchi kubwa mno yenye mlango mwembamba mno wa kutokea baharini, maana ukingo wa kusini wa mdomo wa Mto Kongo ulikuwa mali ya Wareno wa Angola. Mpango wa Brussels ulikuwa hivi: sisi tumwachie Mwingereza hizi nchi za milimani, Mwingereza ampe Mreno kipande cha kusini mwa koloni la Wajerumani, na Mreno atupe sisi ule ukingo wa mto. Biashara ya pembe tatu. Mreno akakataa. Bidhaa ikabaki mikononi mwa aliyetaka kuiuza.

Falme mbili zenye karne kadhaa za historia, zenye ngoma zake na majina ya wafalme wake yaliyokaririwa kizazi hadi kizazi, zilipata mtawala wao mpya kwa sababu biashara ya mdomo wa mto ulio upande wa pili wa bara ilishindikana. Sina neno la kuongeza hapo.

Mreno hakuondoka mikono mitupu. Kusini ya mdomo wa Ruvuma kuna pembe ndogo ya ardhi iitwayo Kionga, ambayo Wajerumani walimnyang'anya mwaka 1894, naye akairudia mwaka 1916. Septemba 1919 wakubwa wa Paris wakamthibitishia. Ndiyo ardhi pekee aliyoipata Mreno katika vita nzima. Leo iko mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji.

Wabelgiji walipewa pia kifuta jasho: vituo vyao vya bandari Kigoma na Dar es Salaam, walivyovipangisha kwa faranga moja kwa mwaka. Wazee wa bandarini walivijua kwa jina la Belbase. Faranga moja! Mwenye chumba cha kupanga Manzese na alipige hesabu jambo hilo.

Eneo la Mwingereza likabaki bila jina. Katika ofisi za London waliletewa mapendekezo: Smutsland, kwa heshima ya yule jenerali wa Afrika Kusini, New Maryland, Azania. Mwaka 1920 wakaangukia Tanganyika. Hivyo yule karani alikuwa na haki kwa miaka kama miwili hivi. Fikiri, msikilizaji, babu wa mtu angeweza kukua akiimba wimbo wa taifa la Smutsland.

Lakini katika mkataba wa Milner na Orts palikuwa na jambo lililokwenda kombo, nalo ndilo lililonichelewesha zaidi. Milner alikuwa na ndoto ya reli kutoka Cape Town hadi Kairo, ipite katika ardhi ya Mwingereza kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa kutoka Tanganyika kwenda Uganda, wataalamu wake walitazama bonde la Mto Kagera wakaona madimbwi na matete. Ardhi nzuri ya kupitishia reli ilionekana iko magharibi ya mto, na huko ni Rwanda, katika eneo la Gisaka. Basi wakaikata. Rwanda ilikwenda kwa Mbelgiji, lakini ukanda wa mashariki wa Gisaka ukawekwa kwa Mwingereza, kwa ajili ya reli ambayo haijapimwa.

Mwaka 1922 Gisaka ilikabidhiwa. Siku hiyo ardhi iligeuka kitu cha kushikika. Machifu waliokuwa wanapeleka kodi na heshima zao kwa Musinga waliambiwa mkubwa wao sasa yuko upande mwingine. Wenye ng'ombe walikuwa na malisho upande huu na zizi upande ule. Musinga akalalamika. Alikuwa mfalme aliyekwisha kunyang'anywa mengi, lakini hili lilimuuma, na akalisema kila alipopata mtu wa kumsikiliza. Aliyemsaidia ni Askofu Léon Classe wa wamisionari wa Kikatoliki, aliyejua namna ya kuandika barua zinazosomwa Ulaya. Akaandika kwamba nchi imekatwa vipande, na kwamba amani ya Rwanda itaharibika.

Wakati huo ulikuwapo Ushirika wa Mataifa, ule uliotangulia Umoja wa Mataifa wa sasa, na makoloni yaliyotwaliwa yalikuwa rasmi nchi za udhamini. Mwingereza na Mbelgiji walitakiwa kupeleka taarifa kila mwaka kwenye tume iliyokaa Geneva. Ukiisoma orodha ya wajumbe wa tume hiyo utamkuta nani? Pierre Orts. Yule yule aliyegawa ndiye aliyeketi kukagua mgawo. Hata hivyo tume ililiona tatizo, ikasema mpaka ule hauwafai watu wa pale. Mwaka 1923 serikali mbili zikakubaliana, na mwanzoni mwa 1924 Gisaka ikarudishwa Rwanda. Mpaka ukasogezwa hadi katikati ya maji ya Kagera. Reli ya Cape hadi Kairo haikupita huko, si magharibi ya mto wala mashariki.

Kuna wanaosimulia kisa hiki kama ushindi wa haki, na kwa kiasi ni kweli: mpaka uliochorwa na wakubwa ulifutwa kwa sababu watu walilalamika. Lakini tazama waliosikilizwa. Ni mfalme na askofu. Gisaka yenyewe ilikuwa ufalme wa pekee hadi wafalme wa Rwanda walipoiteka katikati ya karne ya kumi na tisa, na kabla hata ya vita ya dunia walikuwapo watu wake waliojaribu kujinasua. Mkulima wa Gisaka angependa nini: Musinga, Mwingereza, au ufalme wake wa zamani? Hakuna aliyekwenda kumuuliza kama walivyoulizwa wa Schleswig.

Bugufi ya babu yetu haikupata askofu. Ni eneo dogo, nalo kabla ya ukoloni lilihesabiwa katika himaya ya wafalme wa Burundi; lugha ya pale, Kihangaza, na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Mpaka wa Milner na Orts uliiacha Bugufi upande wa Mwingereza. Upande wa Burundi haukulisahau jambo hilo, na mwaka 1948, wakati nchi hizi zilikuwa zimekwisha kuingia chini ya Umoja wa Mataifa, suala la Bugufi lilikuwa mezani tena wajumbe wa umoja huo walipokuja kukagua. Mpaka haukuguswa. Bugufi ikabaki Ngara, na watu wake wakawa Watanganyika, kisha Watanzania. Wakalipa kodi, wakapigania uhuru na TANU, wakapiga kura, na vijana wao wakaenda jeshini kama vijana wa Newala au wa Moshi.

Siwezi kusema kwamba amani ile ya Paris ilituletea hasara tupu. Kwa sababu Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini na si koloni la kawaida, Mwalimu Nyerere aliweza kwenda New York Machi 1955 kusema mbele ya Baraza la Udhamini kwamba nchi hii inataka kujitawala. Jirani zetu wa Kenya hawakuwa na mlango huo. Kwa upande wa Rwanda na Burundi, Mbelgiji aliziunganisha kiutawala na Kongo yake mwaka 1925, na mlango wa udhamini kwao ulifunguka kwa machungu zaidi. Tulipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, wao tarehe 1 Julai 1962, kila mmoja kivyake. Hata Kiswahili kiligawanywa: huku kikawa lugha ya taifa, kule kikabaki lugha ya vitongoji vya mjini, Buyenzi ya Bujumbura na Nyamirambo ya Kigali, ambako ukisalimia leo utaitikiwa kama uko Ujiji.

Na mwaka 1964, kule Kairo, wakuu wa nchi huru za Afrika walikubaliana kuiheshimu mipaka walioikuta siku ya uhuru. Mwalimu ndiye aliyelisimamia azimio hilo. Wapo wanaomlaumu. Mimi simlaumu, maana nikiwaza kila mfalme na kila ukoo ungedai kipande chake, naona Gisaka elfu moja zisizo na tume ya kuzisikiliza. Alikuwa anachagua kati ya ubaya mdogo na mkubwa.

Lakini mpaka, hata ukiuheshimu, haukomi kufanya kazi yake. Mwaka 1994 nilikuwa darasa la saba, Morogoro, na redio ya baba ilikuwa haizimwi. Tarehe 28 na 29 Aprili, kwa muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara. Mto wanaouvuka pale ni Kagera, na ng'ambo ya daraja ni ile nchi ya Gisaka iliyorudishwa Rwanda mwaka 1924. Ule mpaka wa 1922 ulipita magharibi zaidi. Ungebaki, mahali walipokufa watu wengi wa upande ule mwaka huo pangekuwa Tanzania, na waliokimbia wangekuwa wamesimama nyumbani kwao. Au huenda lingetokea jambo lingine baya ambalo hatulijui. Sitaki kujifanya mtabiri wa yaliyopita. Nasema tu kwamba tofauti kati ya raia na mkimbizi pale Rusumo iliamuliwa na barua za miaka sabini nyuma.

Mwaka 2013 wahamiaji wasio na vibali waliamriwa kuondoka mkoani Kagera, na miongoni mwa waliovushwa mpaka walikuwamo watu walioishi huku kwa miaka mingi, wenye wake, mashamba na wajukuu wa huku. Kila nchi ina haki ya kujua nani yumo ndani yake. Hilo sibishani nalo. Ila ofisa anayemtazama mtu wa Ngara usoni na kumsikiliza matamshi, halafu akaamua yeye ni wa wapi, anatumia kipimo ambacho mpaka wenyewe haukukitumia. Milner na Orts hawakusikiliza matamshi ya mtu. Kama wangesikiliza, mpaka usingepita pale.

Nilimpigia mama simu kumweleza haya yote, kwa kifupi kidogo kuliko nilivyowaeleza ninyi. Alisikiliza kwa utulivu, nyuma yake nikisikia wapagazi wa sokoni wakipiga mayowe watu wapishe mzigo. Nilipomaliza akauliza, "Na hao mabwana wawili, walifika Ngara?"

Nikamwambia, "Hapana mama, hayo waliyamaliza huko huko Ulaya."

"Hata kupita tu?"

"Hata kupita."

Akaguna. Kisha akaniambia kwamba kijana alikuwa amejaza fomu tena. Penye nchi aliyozaliwa babu aliandika Bugufi, basi. Juzi alinipigia kunipa matokeo. Fomu imerudi. Wanasema Bugufi si nchi, na wamempa siku kumi na nne.